Wadudu wa ziwani hujuaje kwamba giza limeingia? Swali la mwanafunzi wangu kuhusu mwezi, ziwa na mwili wa binadamu

Mwalimu wa Igombe aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha sayansi katika shule ya sekondari iliyo karibu na Ziwa Victoria, upande wa Igombe, na ninaomba msaada wa watu wanaolifahamu ziwa hili kuliko mimi, kwa kuwa nimekulia Dodoma na nimehamia Mwanza miaka mitatu tu iliyopita.

Wiki iliyopita wanafunzi wa klabu ya sayansi walikusanya maajabu ya sayansi waliyoyasoma kwenye simu za wazazi wao. Mmoja alisema pweza ana mioyo mitatu. Mwingine alisema sayari ya Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za dunia, ilhali huzunguka jua kwa siku 225. Yote mawili ni kweli, nami niliwapongeza, lakini niliona kwamba wakishayasoma hawana la kuuliza tena, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona pweza wala aliyejua amtazame Zuhura upande gani wa anga.

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, wale wadudu wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, mbona huzidi siku za giza? Wanakaa chini kwenye tope. Nani anawaambia kwamba mwezi umeisha?" Sikuwa na jibu. Kabla sijafungua mdomo, mvulana mwingine akadai kwamba mwezi huvuta maji ya bahari, na kwa kuwa mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, basi mwezi unatuvuta na sisi pia, na ndiyo maana watu hukosa usingizi wakati wa mbalamwezi. Darasa zima lilimwamini. Mimi nilisita, ila sikuweza kueleza kosa liko wapi, wala sikuwa na hakika kama kosa lipo.

Naomba mnisaidie kwa haya mawili. Sitaki kurudi darasani na maneno ya kubahatisha.

Mzee wa Kayenze alijibu:

Mwalimu, karibu sana Mwanza. Mimi si msomi wa sayansi, ila nimevua dagaa tangu mwaka 1994 hadi miguu iliponikataza kuingia mtumbwini, kwa hiyo nitasema kile nilichokiona kwa macho yangu na kuwaachia wenye elimu waeleze sababu.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani tulitumia karabai, na tone moja la mvua likigusa kioo chake cha moto kilipasuka. Siku hizi vijana wanatumia taa za sola. Taa huwekwa juu ya chelezo, ikaachwa ielee peke yake, nanyi mnasubiri. Kwanza huja wadudu, wengi kiasi kwamba ukiongea unawameza. Kisha ukitazama chini ya taa unaona maji yanameremeta kama bati lililokatwa vipande vidogo vidogo, na hao ndio dagaa, ambao mchana hukaa chini na usiku hupanda juu kutafuta chakula. Hapo taa huvutwa polepole kuelekea kwenye wavu.

Mbalamwezi inapokuwa kubwa kazi hiyo haifanyiki, kwa sababu mwanga umetapakaa juu ya ziwa lote na taa yako haina nguvu ya kuwakusanya dagaa mahali pamoja. Ndiyo maana kambi zetu hupumzika siku hizo na watu hushona nyavu. Kwa hiyo huyo binti anajua anachokisema: nyumbani kwao kalenda ni mwezi.

Kuhusu wadudu wenyewe, ni kweli kwamba huzidi wakati wa giza. Alfajiri unaona nguzo ya kijivu imesimama juu ya maji, mbali, inapinda na upepo, na mgeni hudhani kuna chombo kinachoungua. Ikielekea nchi kavu tunafunga madirisha na kufunika vyungu, na mbayuwayu wanajaa juu ya paa kula. Lakini naomba mtaalamu anieleze jambo ambalo limenisumbua miaka mingi. Yuko mdudu mwingine, mkubwa kuliko hao, mwenye mabawa meupe na nyuzi ndefu mkiani, ambaye hatoki wakati wa giza kabisa. Huyo hutoka siku mbili hivi baada ya mwezi kuwa mpevu, jioni, na asubuhi unamkuta amekufa kando ya maji. Kama mwezi ndio unaowaongoza wote, kwa nini hawa wawili hawatoki pamoja?

Mstaafu wa Nyegezi alijibu:

Shikamoo Mzee. Umenifurahisha sana, kwa sababu jambo uliloligundua ukiwa mtumbwini liliandikwa pia na watafiti waliofanya kazi upande wa Uganda wa ziwa letu katika miaka ya 1950. Nimefanya kazi ya maabara ya samaki kwa muda mrefu, nikipasua matumbo ya samaki kuona wamekula nini, na tumbo la domodomo lilikuwa mara nyingi limejaa viluwiluwi vya wadudu hao hao tunaowazungumzia.

Nianze na wale wa moshi. Wako wa aina kadhaa, na mmojawapo ni jamii ya Chaoborus. Kiluwiluwi chake ni kama uzi wa kioo, kinapenya mwanga kiasi kwamba ukikiweka kwenye bilauri utaona macho na vifuko vya hewa tu. Mchana hujificha topeni ili samaki wasikione, na usiku hupanda kuwinda viumbe wadogo zaidi karibu na juu. Kinapandaje bila kuogelea kwa nguvu? Kina vifuko vinne vya hewa, na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha kwamba kuta za vifuko hivyo zina mikanda ya protini inayovimba au kusinyaa kadiri kiwango cha asidi kinavyobadilika, hivyo kifuko hupanuka na mdudu akapanda, au hunywea naye akashuka. Naona hilo ni ajabu kubwa kuliko pweza na mioyo yake mitatu, nalo liko hapa hapa chini ya mitumbwi yetu.

Kwa hiyo mwanafunzi aelezwe kwanza kwamba mdudu huyu hakai topeni saa zote. Kila usiku hupanda. Pili, aelezwe kwamba wapo wadudu ambao ndani ya miili yao kuna saa inayohesabu siku za mwezi. Mtafiti Mjerumani, Dietrich Neumann, alifuga maabara jamaa wa wadudu hawa anayeishi kwenye pwani za bahari, anayeitwa Clunio. Aliwawashia mwanga hafifu mfano wa mbalamwezi kwa siku chache tu katika kila mwezi, usiku uliobaki ukawa giza, na wadudu wale wakaanza kutoka kwa pamoja kwa kufuata mwezi huo wa taa. Walichohitaji ni kurekebishiwa saa mara moja kwa mwezi, kama sisi tunavyorekebisha saa ya ukutani.

Sababu ya kutoka kwa pamoja ni rahisi kuiona. Aliyekwisha kuota mabawa anaishi muda mfupi, na katika muda huo lazima apate mwenza. Akitoka peke yake juu ya ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, atampata wapi? Zaidi ya hayo, wakitoka mamilioni kwa siku moja, mbayuwayu na samaki hushiba kabla hawajawamaliza.

Mdudu wako mweupe, Mzee, anaitwa Povilla adusta. Akiwa mchanga hutoboa miti iliyozama na mafunjo, akaishi ndani ya tundu lake. Akishapata mabawa hali kitu, na maisha yake ya angani huisha usiku ule ule. Kuwa hutoka siku ya pili hivi baada ya mwezi mpevu kuliripotiwa mwaka 1955. Angalia jinsi usiku huo ulivyo: mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku mbili baada ya kupevuka kuna giza la zaidi ya saa moja kati ya jua kuzama na mwezi kutokea. Kila jamii ina ratiba yake, ingawa saa wanayoitazama ni moja.

Mwalimu, kama wanafunzi wako wanapenda habari za mwanga, usiwanyime hii ya furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Maji ya bahari safi humeza mwanga mwekundu kwanza na kubakiza bluu. Ziwa letu hufanya kinyume: chembechembe na mabaki ya mimea yaliyomo majini humeza bluu mapema, na kadiri unavyoshuka mwanga unaobaki huelekea manjano na wekundu. Sasa kwenye miamba ya visiwa kama Makobe, katika Ghuba ya Speke, wako furu wawili wa karibu sana. Dume la mmoja ni la bluu na hukaa karibu na juu. Dume la mwingine lina mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Huyo mwekundu alipewa mwaka 1985 jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata macho yao yanatofautiana: wa chini wana rangi ya ndani ya jicho inayonasa wekundu vizuri zaidi, na majike yao huchagua madume mekundu. Yaani mwanga wa mahali wanapoishi umetengeneza jicho, na jicho limemchagua mume. Lakini pale maji yalipochafuka, katika visiwa vilivyo ndani zaidi ya Ghuba ya Mwanza, majike hawatofautishi tena, na jamii hizo mbili zimechanganyika zikawa kama moja. Huwa naumia nikiliandika hili. Ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu lilipojaa tena zimetokea ndani yake aina zipatazo 500 za furu, na baadhi yake tunazipoteza kwa tope linaloteremka kutoka mashambani na mijini, hata kabla mtu hajavua.

Muuguzi wa Ukerewe alijibu:

Ndugu Mwalimu, mimi nitashika upande wa mwili, na nitaanza kwa kumtetea kidogo yule mvulana, kwa sababu sababu aliyoitoa si sahihi lakini jambo lenyewe halikuwa upuuzi.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika jamii za Waqom wa Argentina, ambazo baadhi yao hazina umeme, pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu mjini Seattle, Marekani. Watu walivaa saa za mkononi zinazorekodi usingizi. Ilionekana kwamba katika siku chache kabla ya mwezi mpevu watu walichelewa kulala na walilala muda mfupi zaidi, hata wale wa mjini. Siku hizo ndizo ambazo mwezi huwa tayari angani jua linapozama, kwa hiyo jioni ina mwanga. Kwa upande mwingine, tuliosomea wodi tumesikia sana kwamba mbalamwezi huleta uzazi mwingi, na wataalamu waliopitia kumbukumbu za hospitali mara nyingi hawakukuta uhusiano huo.

Jambo ambalo ningependa wanafunzi walijue ni kwamba na sisi tuna saa ndani ya kichwa. Iko nyuma ya macho, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, nayo ni kishada cha seli za neva zipatazo 20,000. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni, lakini si kupitia zile seli tunazotumia kuona tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilithibitika kwamba ndani ya jicho kuna seli chache za aina nyingine, zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kuu ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Kwa hiyo yupo mtu asiyeona kabisa ambaye mwili wake bado unajua kumekucha. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilimfikiria babu yangu, ambaye alipofuka uzeeni na bado aliamka alfajiri kila siku.

Kuna kiumbe kingine cha ziwa letu kinachofuata mwanga, nacho ni hatari. Vimelea vya kichocho cha tumbo hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha hutoka wakiwa na mkia kuja kutafuta ngozi ya mtu. Hawatoki ovyo. Hutoka mchana, wengi wao jua linapokaribia utosini, yaani saa zile ambazo watoto wanaoga na akina mama wanafua. Hupenya ngozi kwa dakika chache. Wakishakomaa huishi wawili wawili kwenye mishipa ya damu ya utumbo: dume ana mfereji mwilini mwake, na humbeba jike humo kwa miaka. Tafadhali, Mwalimu, ukiwapeleka wanafunzi ziwani wasiingie majini, na dozi ya prazikwanteli, dawa ya kichocho, inapogawiwa shuleni pasikose hata mmoja.

Jirani wa Capri Point alijibu:

Nami niongeze juu ya mwezi wenyewe, ili lile la kuvuta maji likamilike.

Bahari hujaa na kupwa kwa sababu mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu kidogo zaidi kuliko upande wa mbali. Kinachofanya kazi ni tofauti hiyo ya mvuto kati ya ncha moja na nyingine, na tofauti inahitaji umbali. Dunia ina kipenyo cha takriban kilomita 12,700. Mtu wa urefu wa mita 1.7 ni mdogo kuliko hiyo kwa zaidi ya mara milioni saba, kwa hiyo tofauti ya mvuto kati ya utosi wake na nyayo zake haiwezi kutikisa hata tone la damu. Hata ziwa letu lote, pamoja na ukubwa wake, ni dogo mno: Dar es Salaam wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, lakini hapa Mwanza hakuna anayeona maji kujaa na kupwa, kwa sababu mabadiliko hayo ni madogo na upepo wa kawaida huyafunika. Mvulana akiuliza, "Mbona basi bahari inavutwa?", hilo ndilo jibu lake: si kwa sababu ni maji, ni kwa sababu ni kubwa. Hata ardhi ngumu tunayokanyaga huinuka na kushuka kidogo kila siku kwa mvuto huo huo.

Jambo la pili ni mwanga. Mwezi tunauona mweupe, lakini udongo wake ni mweusi karibu kama lami iliyochakaa, kwani hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaouangukia. Unang'aa kwa kuwa anga inayouzunguka ni nyeusi zaidi. Mwezi mpevu ni hafifu kuliko jua kwa mara 400,000 hivi, na bado mwanga huo unatosha kuwasimamisha wavuvi wa Kayenze kazi!

Mwanga huo ni hafifu mno kwa seli za jicho zinazotambua rangi. Zile zinazofanya kazi usiku hazitofautishi rangi, na kwa wekundu ni kama hazioni kabisa. Mwalimu, hili unaweza kulijaribu bila kifaa chochote: chukua vitambaa viwili, chekundu na cha bluu, ambavyo mchana vinaonekana kung'aa sawasawa, uvitazame kwa mbalamwezi mbali na taa za umeme, baada ya macho kuzoea giza kwa nusu saa.

Mwalimu wa Igombe aliandika tena:

Ndugu zangu, nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu. Juzi, mwezi ukiwa mpevu, nilikwenda ufukweni na wanafunzi 14 pamoja na wazazi wawili, tukakaa juu ya mwamba, mbali na maji kama Muuguzi alivyosisitiza. Tulizima simu zote. Nilikuwa na vipande viwili vya kanga, kimoja chekundu sana na kimoja cha bluu, na mchana nilikuwa nimewaonyesha darasani wakakubaliana kwamba chekundu ndicho kinachong'aa zaidi.

Dakika kumi za kwanza walibishana. Baada ya nusu saa nikavitandika jiweni. Chekundu kilikuwa kimegeuka cheusi, kama tundu kwenye mwamba, na cha bluu kilikuwa kijivu cheupe kinachoonekana vizuri. Mvulana yule wa maji ya mwili alikichukua chekundu, akakisogeza karibu na uso, akakigeuza mara tatu, kisha akaniuliza kama nimekibadilisha. Nikampa akishike mpaka tulipofika kwenye taa ya barabarani, na wekundu ukarudi mikononi mwake.

Nimebakiwa na ombi moja kwa Mzee wa Kayenze. Binti wa dagaa anataka tuwahesabu wadudu, giza na mbalamwezi, ili tuone wenyewe tofauti. Tufanyeje bila kuingia ziwani?

Mzee wa Kayenze alijibu:

Mwalimu, hilo ni rahisi. Tundikeni shuka jeupe kwenye kamba, nyuma yake muweke taa moja ya sola, ile ile kila mara, na muiwashe saa moja na nusu jioni kwa muda ule ule, upande usio na upepo mkali. Mkishaizima, pangusieni wadudu kwenye beseni lenye maji kidogo ya sabuni na muwahesabu asubuhi. Msihesabu usiku mmoja tu, kwa sababu upepo ukigeuka unaweza kuwapeleka kwingine mkadhani hawakutoka. Hesabuni siku tano za giza na siku tano za mbalamwezi. Tena taa yenyewe huvuta kwa nguvu zaidi kukiwa na giza, kama inavyovuta dagaa, kwa hiyo asubuhi waangalieni na wale waliojifia wenyewe kando ya maji, ambao hawakuitwa na taa yoyote. Wale weupe wenye nyuzi mkiani muwaweke kando peke yao, maana hao nataka kujua hesabu yao kuliko wote.

Mwezi mwandamo ukikaribia, mwambie binti amuulize baba yake siku ambayo kambi inarudi majini. Anzeni siku hiyo.